Nilikataa dawa ya kolesteroli kwa sababu ya kopo la nyirinyiri la wakati wa shifta

Wakuu, asalaam aleikum. Na ambao salamu hii si yenu, hamjambo.

Mimi humu ni msomaji tu. Naingia, nasoma ugomvi wenu, nacheka, natoka. Leo naandika mwenyewe kwa sababu nina hasira, na hasira yenyewe nimekaa nayo tangu nikiwa na miaka tisa hivi. Haya yamenipata mimi, sikuhadithiwa. Pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki, sitajaza kwa kubuni.

Nijitambulishe kidogo. Ni mama wa Garissa, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilifundisha Kiswahili na sayansi. Kitambulisho changu kinasema nilizaliwa tarehe moja Januari, kama watu wengi wa rika langu huku kwetu, maana karani aliyekuwa anaandikisha alichoka kuuliza. Natype kwa kidole kimoja, kwa hivyo mkiona makosa myameze.

Sasa tuingie kwenye habari.

Mwaka jana binti yangu Hodan alinipeleka kupima damu. Pressure ninayo siku nyingi na dawa yake nameza bila kelele. Mnielewe hapo: mimi si wale wa kukimbia hospitali. Hata sindano sijawahi kuiogopa.

Daktari alikuwa kijana wa kutoka down Kenya, yaani upande wa Nairobi. Shati limepigwa pasi, simu iko mezani inawaka kila dakika. Akachukua report ya lab, akaisoma. Mimi hakunitazama. Akaanza kwa kuniita shosho, yaani bibi, neno ambalo kwetu hatulitumii, lakini hilo nikalisamehe.

Kisha akacheka kidogo, akasema: "Shosho, mafuta kwenye damu yako ni mengi mno. Nyinyi watu wa huku mnapenda mafuta sana."

Akaandika dawa. Moja kila siku. Nikamuuliza mpaka lini, akasema maisha yote. Nikataka kuuliza hiyo dawa inafanya nini huko ndani, lakini alikuwa ameshamwita anayefuata.

Wakuu, nilitoka pale masikio yanawaka. Hodan akadhani nimeogopa kusikia maisha yote. Sikuogopa. Yale maneno, nyinyi watu wa huku mnapenda mafuta sana, nilikuwa nimeyasikia mara moja tu kabla ya siku hiyo, neno kwa neno, na mtu aliyeyasema alikuwa ameshika bunduki.

Nyumbani niliweka vile vidonge nyuma ya vikombe kwenye kabati, nikafunga kabati.

Hodan si mtoto wa kudanganywa. Baada ya wiki moja alihesabu vidonge, vyote viko. Akakaa chini akaniambia kile daktari alichomwambia yeye pembeni, kwamba mtu mwenye pressure ya siku nyingi kama mimi, akiongeza na mafuta ya kiwango kile, mshipa wa kwenda kichwani unaweza kuziba siku yoyote. Akanikumbusha jirani yetu Mama Kaltuma, ambaye ni rika langu. Alianguka akiwa anakoroga unga wa anjera, mkate wetu wa asubuhi. Leo anaongea kwa upande mmoja wa mdomo na mkono wa kulia haujui kama ni wake.

Hodan akasema, "Hooyo, mimi sitaki kukulisha kwa kijiko."

Hooyo ni mama. Nilimjibu vibaya, nikamwambia kama atachoka kunilisha nitajilisha mwenyewe. Niliona machozi yake na sikuomba samahani.

Hapo ndipo nilipokuja humu kutafuta. Na hapa nawalaumu na nyinyi pia. Niliandika kolesteroli nikapata nyuzi za kujaza gunia. Mmoja anasema ni biashara ya wazungu. Mwingine anasema kitunguu saumu punje tatu asubuhi na unatupa dawa. Mwingine anaapa babu yake alikula mafuta mpaka akazika madaktari wake wote. Wote niliwapa like. Nilikuwa natafuta mtu wa kukubaliana na mimi, na humu mtu wa kukubaliana na wewe hakosekani.

Sasa lazima niwarudishe nyuma, vinginevyo mtaniona mzee mkaidi tu.

Wakati wa vita vya shifta, waasi waliotaka eneo letu lijiunge na Somalia, sisi tulikuwa wafugaji upande wa Ijara. Mwaka wa sitini na sita, kama nakumbuka sawa, tukaambiwa hakuna kuhamahama tena. Watu wote wakusanyike kwenye kijiji cha ulinzi. Kijiji ni jina tu. Ilikuwa uwanja wenye ua wa miba na seng'enge, lango moja, askari langoni. Asubuhi wanaume wanatoka na mifugo kwa kibali, jioni kabla ya lango kufungwa wanarudi. Wanawake wanatoka kwa kundi kuchota maji na kurudi kwa kundi. Atakayeonekana nje bila ruhusa ni shifta, na shifta hakuulizwa maswali.

Mifugo iliyozoea kutembea siku nne kutafuta majani, ukiifungia mahali pamoja inakufa. Yetu mingi ikafa. Mingine ilipigwa risasi. Tukawa tunaishi kwa unga wa posho, tunaupangia mstari na kadi mkononi, sisi ambao unga tulikuwa tunaujua kwa kuusikia.

Katika hali hiyo mama yangu akajifungua mtoto wa kiume.

Kwa wasiojua mila zetu, mwanamke aliyejifungua anakaa ndani siku arobaini. Na siku hizo analishwa. Supu, nyama, na samli, samli hasa. Tunaamini maziwa ya mtoto yanatoka kwenye samli ya mama. Mwanamke wa arobaini asiyelishwa mafuta ni aibu ya ukoo mzima.

Siku za mwanzo za arobaini yake, ngamia wetu mmoja akavunjika mguu. Aabo, yaani baba yangu, akamchinja. Nyama ya ngamia mzima kwenye joto lile haikai siku mbili, kwa hivyo ikatengenezwa nyirinyiri. Unakata nyama vipande virefu vyembamba, unaanika, halafu unaikatakata ndogondogo na kuikaanga kwenye mafuta mpaka inakauka kabisa. Kisha unaifunika kwa samli ndani ya chombo. Inakaa miezi. Ni chakula cha arusi na ni chakula cha safari.

Hilo la safari mlishike, maana ndilo lililotuponza.

Asubuhi moja askari wakaingia kupekua. Aabo alikuwa nje na ngamia waliobaki. Ndani tulikuwa mama, mimi, na mtoto wa siku kumi na nane. Wakakuta kopo kubwa la bati chini ya kitanda cha fito, limejaa nyirinyiri na samli mpaka juu.

Mkalimani wao alikuwa mtu wa kwetu, Kiswahili chake cha kuungaunga. Akasema, "Afande, huyu mama nasema hii chakula yake. Yeye nazaa mtoto juzi."

Yule askari akachungulia kopo, akacheka, akasema yale maneno. Nyinyi watu wa huku mnapenda mafuta sana. Akaongeza kwamba kopo lote hilo si la mtu mmoja, ni la kumpikia shifta.

Mimi wakati huo Kiswahili sikijui hata kidogo. Nilikariri zile sauti, za askari na za mkalimani, kama nilivyokuwa nakariri sura za Kurani chuoni, bila maana. Maana nilikuja kuipata miaka ya baadaye nikiwa darasani, mwalimu anafundisha kitenzi penda. Niliomba ruhusa nikatoka nje nikakaa nyuma ya darasa.

Kopo likamwagwa mlangoni, kwenye mchanga. Askari akaikanyagakanyaga nyama kwa buti ili pasiwe na cha kuokota. Kisha akachukua kadi yetu ya posho, tukakaa bila kadi muda ambao siwezi kuwaambia ni siku ngapi, najua tu tuliomba kwa majirani ambao nao hawakuwa na kitu.

Mama maziwa yakamkauka. Mdogo wangu alilia, kisha akawa hana nguvu za kulia. Alikufa kabla arobaini haijaisha.

Tangu tulipofunguliwa kutoka pale mpaka anaingia kaburini, mama hakuwahi kunipakulia chakula bila kumwaga samli juu. Hata chai. Nikiwa mwalimu mzima, na mshahara wangu, na watoto wangu, nikienda kumtembelea ananitazama mashavu kwanza kabla ya salamu.

Kwa hivyo mtu akija na karatasi aniambie mafuta yamezidi, wakuu, mimi nasikia buti kwenye mchanga. Nilijiwekea moyoni kwamba nikimeza hicho kidonge nitakuwa nimesema yule askari alikuwa na haki. Na sikutaka kusema hivyo hata kwa gharama ya mkono wangu wa kulia.

Haya, turudi mwaka jana.

Dawa ya daktari nimekataa, lakini Hodan nimemuona analia, na Mama Kaltuma namuona kila siku. Nikaamua nitajitibu kwa njia yetu. Hapa mtacheka, chekeni.

Kwetu mtu akiwa mzito mwilini, hajisikii vizuri, dawa ni mafuta ya mkia wa kondoo. Yanayeyushwa, unakunywa kikombe kizima yakiwa ya moto kabla ya kula chochote. Yanakuharisha, yanasafisha tumbo, jioni unajiona mwepesi kama uliyeoga kwa ndani. Kila mzee wa hapa ameshafanya. Mimi nikasema, kama damu yangu ina mafuta yaliyoganda, basi mafuta ya moto yatayasukuma yatoke.

Mwalimu wa sayansi huyo. Nilifundisha mzunguko wa damu kwa kuchora moyo ubaoni, rangi nyekundu na bluu, miaka yote ile. Lakini kile unachofundisha na kile unachoamini ukiwa na hasira havikai chumba kimoja.

Anayejua kuyeyusha mafuta ya mkia sawasawa ni shangazi yangu, dada wa Aabo. Kwetu shangazi tunaita eddo. Eddo Dahabo bado yuko Ijara, amepita miaka themanini, masikio mazima, ulimi mkali kuliko wangu. Huko kijiji cha ulinzi tulikuwa naye. Nikamdanganya Hodan kwamba naenda kumjulia hali mzee, nikaenda.

Siku ya kwanza nikanywa kikombe. Siku ya pili kikombe. Sitawaelezea choo.

Siku ya tatu asubuhi Eddo ananikabidhi kikombe, akaniuliza ugonjwa wenyewe ni upi hasa, maana naonekana nimenona vizuri. Nikamweleza. Nikamweleza daktari, na kicheko chake, na yale maneno. Nikamwambia nimekataa dawa yao kwa sababu ya mama na kwa sababu ya mdogo wangu. Nilisema kwa sauti ya kujisifu, kama mtu anayeleta ushahidi wa uaminifu wake.

Nilitarajia anisifu. Eddo akachukua kile kikombe kutoka mkononi mwangu akakiweka chini.

Tuliongea Kisomali, natafsiri. Akasema, "Wewe ni mtu mzima sasa, na mama yako hayupo wa kunikasirikia. Lile kopo lilikuwa la Bulle."

Abti Bulle alikuwa kaka wa mama, kaka pekee. Sisi watoto tuliambiwa alienda Kismayu kufanya biashara. Hakurudi, na hatukuuliza.

Kumbe hakuwa Kismayu. Alikuwa porini, siku moja ya kutembea kutoka kijijini, na shifta wenzake. Nyirinyiri ya ngamia yule ilijaza makopo matatu, si moja. Mawili yalikuwa yameshatoka. Eddo ndiye aliyeyatoa, ndani ya chombo cha kuchotea maji. Wanawake wanaporudi na maji wanakaguliwa, lakini wanapotoka na chombo kitupu nani atakifungua. Analiacha kopo mahali wanapopajua wao, anachota maji juu ya harufu ya samli, anarudi. La tatu lilikuwa litoke siku ileile lilipokamatwa.

Nikamuuliza, basi mama alikuwa anakula nini kwenye arobaini yake?

Eddo akasema, "Unga, kama sisi wote. Hakulamba hata kidole. Nilimwambia kula, una mtoto kifuani. Akaniambia Bulle hana mtu mwingine wa kumpikia."

Wakuu, nikiri, hasira niliyosikia wakati ule haikuwa ya askari. Nilimkasirikia mama. Nilimkasirikia Eddo kwa kuniacha miaka yote hii nimebeba kopo lisilo lenyewe. Nikamwambia maneno makali, kwamba alikuwa na mdomo wote huu na hakupata siku moja ya kuniambia. Akanijibu kwamba aliapa, na kwamba pale kijijini mtoto aliyejua kitu alikuwa hatari kwa ukoo mzima, kisha baadaye mtoto akakua, akawa mwalimu, na hasira yake ikawa nzuri kuisikiliza, nani angetaka kumharibia.

Nilikasirika zaidi kwa sababu ilikuwa kweli. Hadithi yangu ya kopo nimeisimulia arusini, matangani, kwa wanafunzi, kwa Hodan. Naisimulia vizuri.

Sasa nataka mnielewe hapa, maana najua kuna watu humu wataruka na kusema basi askari alikuwa sahihi.

Ndiyo. Kuhusu kopo, alikuwa sahihi. Imenichukua miezi kuandika sentensi hiyo. Alilitazama kopo akajua ni la nani, wakati mimi niliyelala juu ya kopo hilo sikujua.

Lakini kunyang'anya kadi ya posho ya mwanamke aliyejifungua siku kumi na nane zilizopita, hilo si sahihi na halitakuwa sahihi. Kukanyaga chakula mbele ya watoto wenye njaa si sahihi. Kucheka si sahihi. Kujua kwake kweli hakukumpa ruhusa ya hayo. Mdogo wangu hakuwa shifta, alikuwa na siku kumi na nane. Nikikutana na yule mtu siku ya kiama nina maneno naye, na sasa nina maneno na mama pia, Allah amrehemu, lakini ya mama nitayasema kwa sauti ya chini.

Siku ile sikunywa kikombe cha tatu. Nikarudi Garissa.

Njia nzima nilikuwa nageuza jambo moja. Nimekataa dawa kwa sababu mtu alinidharau. Sikuwahi hata dakika moja kujiuliza kama aliyenidharau amesema kweli. Nilikuwa nimechukua dharau nikaifanya jibu la lab.

Kesho yake nikamwambia Hodan anirudishe kwa daktari yuleyule. Yeye alitaka tutafute mwingine mpole. Nikasema hapana, huyohuyo.

Wakapima tena. Hayakupungua. Aina moja ilikuwa imeruka juu kuliko mara ya kwanza, na daktari akauliza kwa mshangao nimekula nini. Nikamwambia vikombe viwili vya mafuta ya mkia wa kondoo, vya moto, tumbo tupu. Alinitazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliniona usoni.

Kabla hajacheka nikamwambia ngoja.

Nikamwambia jina langu, na kwamba mimi ni mwalimu, si shosho. Nikamwambia pia kwamba yale maneno aliyonitupia mara ya kwanza nilishawahi kutupiwa na mtu mwenye bunduki, na baada yake tulizika mtoto. Sikumsimulia yote, foleni ilikuwa ndefu na si mahali pake. Nikasema unaweza kuwa sahihi kuhusu damu yangu, lakini hukunieleza kitu, ulinicheka ukaniandikia. Mtu wa umri wangu humwambii ameze kitu maisha yote kama unayemwambia afunge mlango.

Simu yake ikaita. Nikamtazama tu. Akaizima.

Akasema, "Nisamehe, mwalimu. Nilisema bila kufikiri."

Na hapo ndipo kwa mara ya kwanza akanieleza. Akachora mshipa nyuma ya ile report. Akasema hata mtu mwembamba asiyegusa samli anaweza kuwa na mafuta haya, kwamba mwili wenyewe unayatengeneza, na kwamba kwenye familia nyingine ni ya kurithi. Kwa mtu mwenye pressure yangu na umri wangu anaona hatari ni kubwa kuliko usumbufu wa dawa. Nikauliza side effects, akataja, pamoja na maumivu ya misuli, na akasema nikiona dalili gani nirudi haraka. Nikauliza nikikataa je. Akasema ni haki yangu kukataa, tutajaribu chakula na kutembea kwanza, na tupime tena, ila yeye angekuwa mimi angemeza.

Angeyasema haya mara ya kwanza, wakuu. Dakika kumi tu. Ningepata wapi sababu ya kwenda kuharisha Ijara?

Nikamwambia nitafikiri, nikaenda nyumbani nikafikiri siku mbili. Safari hii nilifikiria dawa yenyewe, nikamweka yule askari pembeni. Mama Kaltuma nikamtembelea, nikakaa naye, nikamlisha uji mimi mwenyewe. Niliporudi nikafungua kabati, nikatoa vikombe, nikameza cha kwanza Hodan akiwa amesimama mlangoni. Samahani niliyodaiwa sikumwambia pale. Nilimwambia kesho yake.

Sasa ni miezi saba. Damu imeshuka, haijafika wanapotaka. Miguu iliniuma wiki za mwanzo nikarudi wakanibadilishia kiwango. Samli sijaacha kabisa, msinipigie makofi, ila simwagi tena juu ya kila kitu.

Nilichojifunza nitasema bila kupamba. Ukikataa jambo, jiulize umekataa jambo au umemkataa aliyelisema. Mimi nilikuwa sijui tofauti, na nusura nimlipie askari mmoja wa zamani kwa nusu ya mwili wangu. Na nyinyi madaktari mnaosoma humu, najua mpo: mkisema kweli kwa dharau, kuna watu watakufa wakiikimbia dharau hiyo. Lawama hiyo si yote ya mgonjwa.

Wanaomeza dawa hizi muda mrefu, karibuni mniambie uzoefu wenu, hasa maumivu ya miguu. Wa kitunguu saumu na wa biashara ya wazungu, andikeni tu, lakini kwanza semeni mmepima damu lini. Na kama kuna mwenye mzazi aliyekuwa kwenye vijiji vile, muulize leo, akiwa bado ana sauti.

Jambo la mwisho, kisha nawaachia uzi.

Siku zote niliona kumeza kile kidonge ni kumwacha mdogo wangu peke yake. Nimekimeza, na sijamwacha. Hana cheti cha kuzaliwa, hana cha kufa, hana kaburi ninaloweza kukupeleka, na waliowahi kumshika mikononi tumebaki wawili, mimi na Eddo. Jina alipewa siku ya saba kama inavyotakiwa, lakini halijawahi kuandikwa popote.

Aliitwa Idris.